Wimbo wa Kyoko Koizumi unafaa kumuagia mwalimu?

"Shikamoo. Mimi niko kidato cha tatu na ni kiongozi wa kwaya ya shule yetu. Mwalimu wetu wa hisabati ni Mjapani aliyekuja kujitolea kupitia JICA, na mwisho wa muhula anarudi kwao. Jioni baada ya vipindi alikuwa akitupigia kwenye simu nyimbo za Kyoko Koizumi, anazozipenda tangu utotoni, na sisi tumeushika mmoja, Anata ni Aete Yokatta. Tunataka kumwimbia siku ya kumuaga bila yeye kujua. Sasa kaka yangu aliyeko chuo, ambaye hufuatilia sana mambo ya Japani, amenivunja moyo. Anasema huyo si mwimbaji, ni mwigizaji wa filamu; zamani alikuwa aidoru tu, sura nzuri inayoandikiwa kila kitu na wanaume, muziki ukamshinda akakimbilia kuigiza. Tena anasema wimbo huo ni wa wapenzi walioachana, kwa hiyo tutamwaibisha mwalimu mbele ya wazazi. Je, ni kweli? Na kama haufai, katika nyimbo zake zinazojulikana tuchukue upi?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, ila naona linalokukosesha usingizi ni la mwisho: kwaya isije ikasimama mbele ya wazazi, ikaimba kwa moyo wote, kumbe inatamka jambo lisilosemwa kwa mwalimu. Basi nianze na hilo ili upumue. Wimbo unafaa. Kuhusu maneno yake kaka yako hakukosea kabisa, na nitakuonyesha alipopatia, lakini hapo alipofikia sipo. Kuhusu Koizumi mwenyewe ndipo alipopotoka zaidi. Nitakueleza taratibu, kwa sababu ukijua mwimbaji huyu alikotoka utaona pia kwa nini, kati ya nyimbo zake zote kubwa, huu ndio wa kumwimbia mtu unayemshukuru.

Kyoko Koizumi alizaliwa mwaka 1966 katika mji wa Atsugi, mkoa wa Kanagawa, jirani na Tokyo. Aliingia kwenye muziki kupitia Star Tanjo!, shindano la vipaji lililorushwa na Nippon TV kuanzia 1971 hadi 1983. Utaratibu wake ulikuwa wa kukaukiwa na mate: kijana anaimba jukwaani, akimaliza, wawakilishi wa kampuni za usimamizi na za kurekodi wanainua vibao kuonyesha kwamba wanamtaka. Asiyeinuliwa kibao anarudi nyumbani. Momoe Yamaguchi na Akina Nakamori, nyota wengine wakubwa wa Japani, nao walipitia mlango huo huo. Koizumi alitoa singo yake ya kwanza Machi 1982 akiwa na miaka 16, na mwaka ule walitoka wasichana wengi waliokuja kuvuma kiasi kwamba hadi leo Wajapani huwataja kama kundi moja, kundi la mwaka 82.

Aidoru ni kijana ambaye kampuni inamchukua mapema na kumkuza mbele ya macho ya watu. Kampuni ya usimamizi huamua nguo, nywele na hata namna ya kucheka. Kampuni ya kurekodi humtafuta mtunzi wa maneno, mtunzi wa sauti, yaani melodi, na mpangaji wa vyombo. Singo hutoka, msichana anazunguka nayo kwenye vipindi vya televisheni, na kabla haijapoa nyingine iko tayari. Kipindi cha The Best Ten cha kituo cha televisheni cha TBS, kilichorushwa kuanzia 1978 hadi 1989, kilipanga nyimbo kumi za juu kila wiki na kuwaita waimbaji waziimbe moja kwa moja, popote walipokuwa. Katika mtambo wa namna hiyo, wimbo unaletewa mezani ukiwa umekamilika. Kwa hiyo kaka yako anaposema Koizumi aliandikiwa, kwa miaka ile ya mwanzo yuko sahihi, na walioandika wengi walikuwa wanaume.

Kosa lake ni kudhani kwamba anayeimba kilichoandikwa na mwingine haimbi. Wewe umekulia kwenye taarabu. Ni mara ngapi shairi hutungwa na mshairi anayekaa pembeni, mwingine akatia muziki, na mwimbaji akasimama mbele ya watu akalifanya lake mpaka wakaja kumtuza? Hatumwambii yule mama kwamba si mwimbaji. Tunamuuliza jambo moja tu: umelifikisha? Koizumi apimwe kwa kipimo hicho hicho.

Sauti yake si kubwa, na hilo nakwambia wazi. Huwezi kumweka mbele ya okestra bila kipaza sauti. Hashikilii noti ndefu kwa mtetemo, na hapandi juu kuonyesha uwezo. Anachokifanya ni kuimba karibu na kipaza sauti, kwa sauti nyepesi na kavu kidogo, kama anayeongea na mtu mmoja. Maneno hayapotei kamwe. Watunzi walilijua hilo wakamwandikia nyimbo zinazokaa katikati ya sauti yake, zenye sentensi fupi. Kwa masikio yangu hiyo ni stadi kamili, na ndiyo iliyomfungulia njia ya uigizaji, kwa sababu mwigizaji wa kamera naye kazi yake ni kusema kwa sauti ya chini na bado aaminike.

Nyimbo zake za miaka hiyo mwalimu wako anazijua zote, nakuhakikishia. Makkana Onnanoko ya 1983 ilitungwa sauti na Kyohei Tsutsumi, mmoja wa watunzi waliofanikiwa kuliko wote nchini Japani. Mwaka huo ndio Koizumi alipokata nywele zake fupi sana bila kuomba ruhusa kwa kampuni, wakati ambapo karibu kila aidoru alikuwa ameiga mtindo wa nywele wa Seiko Matsuda, aidoru aliyevuma kabla yake. Linaonekana dogo, lakini katika mtambo niliokueleza, nywele hazikuwa mali ya msichana. Mwaka 1984 ikaja Nagisa no Haikara Ningyo na Yamato Nadeshiko Shichihenge. Kogarashi ni Dakarete ya 1986 ndiyo ninayoipenda zaidi katika kipindi hicho: sauti ilitungwa na Toshihiko Takamizawa wa bendi ya The Alfee, na maneno yaliandikwa na mwanamke, Reiko Yukawa. Ni wimbo wa majira ya baridi, wa binti anayempenda mtu asiyemwona.

Ila inayomweleza Koizumi kuliko zote ni Nantettatte Idol ya Novemba 1985. Maneno ni ya Yasushi Akimoto, yule aliyekuja kuanzisha kundi la wasichana la AKB48 miaka ishirini baadaye, na sauti ni ya Tsutsumi tena. Msemaji wa wimbo ni aidoru mwenyewe, anayekiri mbele ya hadhira jinsi ilivyo raha kuwa aidoru na jinsi anavyopaswa kulinda sura yake isichafuke. Yaani unaimba mtambo wenyewe na kuuweka wazi. Mwingine angeuimba kwa kebehi akauharibu, au kwa ujinga usiojua kinachosemwa, akauharibu vilevile. Koizumi aliuimba kwa furaha na kwa kujua. Alikuwa na miaka 19, na tayari alikuwa anaigiza mhusika aitwaye aidoru, ndani ya wimbo wa dakika chache.

Ndiyo maana siikubali ile habari ya muziki kumshinda akakimbilia filamu. Angalia miaka yenyewe. Wimbo mnaotaka kuuimba ulitoka Mei 1991, ukauza zaidi ya nakala milioni moja, na ni wimbo uliofungamana na tamthilia ya TBS iitwayo Papa to Natchan, ambamo Koizumi mwenyewe aliigiza. Mwaka 1993 Yasashii Ame nayo ikawa wimbo wa tamthilia aliyoiongoza kama mhusika mkuu. Mtu aliyeshindwa hafanyi hivyo. Kazi mbili zilikuwa zikienda pamoja, moja ikiibeba nyingine, mpaka polepole uigizaji ukachukua nafasi kubwa zaidi. Alicheza katika Kaza-hana ya Shinji Somai mwaka 2001. Katika Tokyo Sonata ya Kiyoshi Kurosawa, iliyopata tuzo ya majaji katika kitengo cha Un Certain Regard cha tamasha la filamu la Cannes mwaka 2008, alicheza mama wa nyumbani ambaye mumewe amefukuzwa kazi na anaficha. Mwaka 2022, alipotimiza miaka 40 tangu singo ya kwanza, alifanya ziara ya matamasha Japani nzima. Hakuwahi kuuacha muziki.

Nikuongezee kisa kimoja ambacho kaka yako, kama anafuatilia Japani, atakijua. Mwaka 2013 NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, ilirusha Amachan, tamthilia ya asubuhi ya vipindi 156 vya robo saa, iliyoandikwa na Kankuro Kudo. Koizumi alicheza Haruko, mama aliyetoroka kijijini kwao pwani ya kaskazini mwaka 1984 kwenda Tokyo kutafuta uaidoru, akashindwa. Sauti yake ilitumika kwa siri kumwimbia mwigizaji mwingine asiyejua kuimba, na jina lake halikutajwa popote. Mwigizaji huyo alichezwa na Hiroko Yakushimaru, ambaye katika maisha halisi alianza na filamu akiwa binti mdogo, kisha akaimba wimbo wa filamu yake Sailor-fuku to Kikanju mwaka 1981 ukavuma kupita kiasi. Fikiria: wanawake wawili waliofanikiwa, mmoja akitokea kwenye wimbo kwenda filamu, mwingine akitokea kwenye filamu kwenda wimbo, wanaigiza hadithi ya jinsi mtambo ulivyomtafuna mmoja wao. Wimbo wa siri wa ndani ya hadithi, Shiosai no Memory, ulitolewa kuwa singo halisi Julai mwaka huo, jina la Haruko likiwa pamoja na la Koizumi, na mwisho wa mwaka ukaimbwa kwenye Kohaku, tamasha la NHK la mkesha wa mwaka mpya. Watu waliokuwa wadogo katika miaka ya themanini walilia mbele ya televisheni. Nisingeshangaa mwalimu wenu akiwa mmoja wao.

Sasa tuje kwenye wimbo wenu. Sauti yake ilitungwa na Takeshi Kobayashi, ambaye baadaye alikuja kuwa mtayarishaji wa bendi ya Mr. Children. Maneno aliyaandika Kyoko Koizumi mwenyewe. Hilo mwambie kaka yako kwa upole: katika wimbo huu hakuna mwanaume aliyemtilia maneno mdomoni. Na kalamu hiyo haikuishia hapo; mwaka 2017 alipewa tuzo ya Kodansha ya insha.

Maneno yanasema nini? Msemaji anamkumbuka mtu aliyetengana naye. Anakiri kwamba hata kuagana hakuweza kuagana vizuri, kwamba alipendwa lakini aliogopa kuuamini upendo ule. Muda umepita, na sasa anaweza kusema kutoka moyoni kwamba ilikuwa heri kukutana nawe. Hapo kaka yako amepatia: upendo umetajwa, na utengano upo. Lakini hakuna lawama, hakuna usaliti, hakuna kumwomba mtu arudi. Uzito wote wa wimbo umelala kwenye shukrani iliyochelewa. Tena tamthilia iliyoubeba haikuwa ya wapenzi walioachana. Ilikuwa ya baba, aliyechezwa na Masakazu Tamura, na binti yake anayekua na kuanza kumtoka mikononi. Mjapani aliyeitazama mwaka 1991 aliusikia wimbo huo juu ya sura za baba na binti, wiki baada ya wiki. Kwa hiyo mwalimu wako akiusikia hatawaza kwamba mnamtongoza. Atawaza kuagana.

Hata hivyo nakupa masharti mawili, na ninayasisitiza. La kwanza, asiimbe mtu mmoja. Binti mmoja akisimama peke yake kumwimbia mwalimu wa kiume wimbo uliotaja upendo, au kijana kwa mwalimu wa kike, minong'ono itaanza kabla kiitikio hakijafika, na wazazi watakuwa na haki ya kuuliza. Kwaya nzima ikiimba, maneno yale yale yanakuwa ya darasa kwa mwalimu wao. Msiweke vitendo vya mikono moyoni wala kumfuata alipokaa. La pili, kabla ya kuimba mmoja wenu aseme kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili au tatu, kwamba wimbo huu mlifundishwa na yeye mwenyewe jioni baada ya vipindi, na kwamba unasema mmefurahi kukutana naye. Wazazi wataelewa. Mkuu wa shule naye apewe taarifa mapema pamoja na tafsiri ya maneno, asije akashtukizwa na yeye.

Umeuliza kama kuna mwingine. Kama shughuli ina nafasi ya nyimbo mbili, ningeanza na Gakuen Tengoku. Ni wimbo wa Finger 5, kundi la ndugu kutoka Okinawa, wa mwaka 1974. Maneno ni ya Yu Aku, mmoja wa waliobuni lile shindano la Star Tanjo! lililomtoa Koizumi. Yeye aliuimba upya mwaka 1989 kwa ajili ya tamthilia ya shule. Ni wa darasani kabisa: siku ya kubadilishana viti, kila mtu roho juu akitaka kukaa karibu na yule binti mrembo kuliko wote. Unaanza kwa mwito na kuitikia, na hadhira nzima inaweza kujibu hata kama haijui neno la Kijapani. Kwa kuchangamsha watu hauna mpinzani. Kwa kuagana peke yake hautoshi, kwa sababu hausemi lolote kuhusu kuondoka. Kogarashi ni Dakarete iacheni, huo kweli ni wa mapenzi yasiyojibiwa. Nantettatte Idol itamchekesha mwalimu ila wazazi hawataambulia kitu. Na Shiosai no Memory, japo naupenda, maneno yake yametungwa makusudi yafanane na mafumbo ya nyimbo za zamani, na mtayumba nayo.

Katika kujifunza, lugha yenu inawabeba. Silabi za Kijapani huishia kwenye irabu kama zetu, na irabu zao tano tunazijua. Hata n inayosimama peke yake, ambayo huwasumbua wageni wengi na ambayo kwenye wimbo hupewa noti yake, nyinyi mnayo tayari katika m ya mtu. Irabu ndefu itamkwe kama oo ya choo. Jina lenyewe la mwimbaji ni Kyo-o-ko. Penye hatari ni pale tunapozidiwa na mazoea ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Msikaze. Kila pigo liwe sawa: a-na-ta-ni-a-e-te-yo-ka-t-ta, mapigo kumi na moja. Ile t ya kwanza ni pigo la kimya, ulimi umegusa nyuma ya meno na umetulia kabla ya kuachia. Mkilimeza, mtakuwa mmesema yokata, na Mjapani atalisikia pengo hilo mara moja. Pigeni makofi polepole na kutamka tu, bila kuimba, mpaka wote mtue pamoja, ndipo mtie sauti.

Najua kwaya ikikusanyika inataka sauti nne. Hapa ningewaomba mjizuie. Beti ziimbwe na wote kwa sauti moja, kwa kiasi cha mtu anayeongea, na kwenye kiitikio tu sauti ya pili iingie chini yake. Wimbo huu ukipigwa kwa nguvu za pambio unakufa. Mwalimu wenu wa muziki, au yeyote anayepiga kinanda kanisani au mtaani, awatafutie ufunguo unaowafaa, kwa sababu ule wa Koizumi unaweza kuwa chini mno kwa wasichana wenu na mahali pabaya kwa wavulana wanaovunja sauti. Jambo hilo halipatikani kwa kusoma majibu yangu; linahitaji mtu awasikie. Na matamshi vilevile: muulizeni mkuu wa shule kama wilayani au mkoani kuna Mjapani mwingine wa kujitolea anayeweza kuja kuwasikiliza mara moja, akawatunzia siri. Akikosekana, kaka yako huyo huyo na akae mbele yenu na maneno mkononi. Mwenzenu yeyote akikauka sauti kwa mazoezi, apumzike, anywe maji, asinong'one wala kukohoa kwa nguvu kusafisha koo. Ukavu ukizidi wiki mbili au tatu, au kumeza kukiuma, aende kituo cha afya akaangaliwe koo; asisubiri siku ya shughuli ipite.

Mwisho, suala la video, maana najua simu zitakuwa juu. Haki za utunzi wa nyimbo nyingi za Kijapani husimamiwa na JASRAC, chama cha Japani cha haki za watunzi, na biti ya rekodi halisi ni mali ya kampuni iliyorekodi. Kuimba kwenye shughuli ya shule na kupandisha video mtandaoni ni mambo mawili tofauti, na la pili sikushauri kabla mkuu wa shule hajaulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na wazazi hawajakubali sura za watoto wao zionekane. Rekodi ya kumpa mwalimu mwenyewe aondoke nayo ifanyeni, kwa simu iliyowekwa juu ya kitu kisichotikisika, karibu na kwaya kuliko hadhira, na mtu mmoja tu ndiye aishike kazi hiyo.